Jirani Akikuandikia Kadi ya Huzuni

Somo la juma: Upendo kwa jirani wakati wa Krismasi
Maandiko: Ruthu 1:19–22, Ruthu 2:14–20, 1 Wafalme 19:3–8, Mathayo 2:13–18
Mstari wa kukariri: Warumi 12:15. Ufungue katika Biblia yako na uusome kwa sauti mara tatu kabla ya kuendelea.



Mstari wetu wa juma una sehemu mbili. Sehemu ya kwanza inahusu watu wenye furaha, na ya pili inahusu watu wenye machozi. Ile ya kwanza tunaiweza sana, hasa mwezi wa Desemba. Mtu akitoa ushuhuda kwamba amepata kazi, kanisa zima linasimama. Akioa, tunacheza mpaka viatu vinaisha. Sasa hiyo ya pili ndiyo kazi. Mtu akilia kidogo tunamvumilia. Akilia Januari, Februari, mpaka Krismasi irudi, tunaanza kumwangalia vibaya na kuuliza imani yake iko wapi.

Juma hili nataka tujifunze sehemu hiyo ya pili. Nitaanza na kitu kidogo ambacho wengi wetu tumekipokea au kukituma: kadi ya Krismasi.

1. Kadi ya kwanza ilikuwa na pande tatu

Kadi ya kwanza ya Krismasi kuchapishwa kwa ajili ya kuuzwa ilitoka London mwaka wa 1843. Bwana mmoja aitwaye Henry Cole alikuwa na marafiki wengi wa kuandikia na muda mchache, akamwomba msanii John Callcott Horsley amchoree kadi moja ambayo ingepigwa chapa nyingi. Zilichapishwa kama 1,000 hivi.

Katikati ya kadi ile kulikuwa na jamaa wameketi mezani wakinywa na kutakiana heri. Lakini pembeni kulikuwa na picha nyingine mbili. Upande mmoja maskini wanapewa chakula, na upande wa pili maskini wanavishwa nguo. Ukitazama karamu, macho yako yalikutana pia na mwenye njaa na aliye uchi.

Miaka ilipoenda, katikati palibaki na pembeni pakasahaulika. Kadi tunazoziona leo madukani, kando ya zile za kuwatakia watoto mafanikio kwenye mtihani, zina nyota, mshumaa, kengele na theluji ambayo wengi wetu hatujawahi kuikanyaga. Ndani zinasema furaha, amani, baraka. Na siku hizi wengi hatununui hata hizo. Tunatuma picha ya kung'aa kwenye simu, moja kwa watu mia, na tunaenda kulala.

Sisemi ni dhambi. Ninasema kwamba salamu za aina hiyo hazina mahali pa mtu aliyefiwa. Hana neno lake mle ndani. Akitaka kusema ukweli wake, lazima aandike mwenyewe kwa kalamu.

2. Kadi iliyofika mlangoni petu

Mwaka mmoja, siku tatu kabla ya Krismasi, tulikuta bahasha imesukumwa chini ya mlango wetu. Mnajua ploti zetu za mjini zinavyokuwa wakati huo. Nauli imepanda maradufu, watu wamebeba mifuko na vitanda vya watoto, wanaenda ushago. Nyumba kumi, saba zimefungwa. Mtu akikohoa ghorofa ya chini unamsikia juu.

Nje ya kadi kulikuwa na mshumaa na majani ya kijani. Ndani, chini ya yale maneno ya kiwandani, jirani yetu mzee alikuwa ameandika kwa mkono:

"Majirani, Krismasi njema kwenu. Kwangu hakuna kitu. Taa nitazima mapema. Mkipita msibishe hodi. Na mwaka mpya ukifika bila mimi, ufunguo uko kwa mlinzi wa geti."

Mzee huyo alikuwa amempoteza mke wake mwezi wa Aprili. Tulichanga, tukaenda mazishi, tukarudi, na maisha yakaendelea. Yaani yetu ndiyo yaliendelea.

Nyumbani siku hiyo tulikuwa na mgeni, dada mmoja anayeomba pamoja na mke wangu. Aliposoma kadi alishtuka. Akasema, "Ndugu, hiyo ni roho ya mauti imeingizwa kwako. Usiiweke ndani ya nyumba. Tuikemee, halafu tuichome."

Mke wangu akamjibu kwa upole, "Dada, tukiichoma, mzee ataacha kuwa na huzuni?"

Swali hilo ndilo somo letu. Yule dada hakuwa mtu mbaya. Anaombea watu usiku wakati wengine tumelala. Alikuwa akifanya jambo alilofundishwa, na wengi wetu tumefundishwa hivyo: ukisikia neno la kifo, likatae. Tunanukuu Mithali 18:21, kwamba ulimi una nguvu za uzima na za mauti. Na kweli una nguvu hizo. Lakini hebu tusome kwa makini. Neno lile linanionya mimi niuchunge ulimi wangu. Sikupewa liwe fimbo ya kumpigia mtu aliyefiwa wakati anapojaribu kusema anaumwa wapi. Kuna tofauti kati ya mtu anayekulaani na mtu anayekulilia. Anayelaani anataka uumie wewe. Anayelia anakuonyesha mahali alipoumia yeye.

3. Naomi alileta salamu kama hiyo Bethlehemu

Fungua pamoja nami Ruthu sura ya 1, kuanzia mstari wa 19. Naomi anarudi kutoka Moabu. Aliondoka na mume na wana wawili, na wote watatu amewazika huko. Anaingia mjini, mji mzima unataharuki, wanawake wanaulizana kama kweli huyu ni Naomi.

Na yeye anawajibu nini? Hasemi ameshinda. Anakataa jina lake, kwa sababu lina maana ya kupendeza, na anataka aitwe Mara, yaani uchungu. Anasema wazi kwamba aliondoka amejaa na amerudishwa mtupu. Tena anasema ni Mwenyezi aliyemfanyia hivyo.

Wapendwa, hiyo ni salamu nzito kuliko kadi ya jirani yangu. Na aliisema langoni pa mji gani? Bethlehemu. Mji ule ule ambao sisi tunauimbia kila Desemba.

Sasa angalia jambo ambalo Biblia haikuandika. Hatusomi popote kwamba mtu alimkemea Naomi. Hatusomi kwamba wazee walimwambia afute ukiri wake kabla hajaketi. Hatusomi kwamba Ruthu, aliyekuwa amesimama kando yake, alisema, "Mama, na mimi je? Unasemaje umerudi mtupu na mimi niko hapa?" Angeweza kukasirika. Alinyamaza. Mungu naye hakumwadhibu Naomi kwa maneno yale. Roho Mtakatifu aliyaacha yaandikwe, ndiyo tunayasoma leo.

Mwangalie pia Ayubu. Marafiki zake walipokuja, waliketi naye chini siku saba mchana na usiku bila neno (Ayubu 2:13). Hapo walifanya vyema sana. Shida ilianza walipofungua midomo kumfafanulia kwa nini anateseka. Na mwisho wa kitabu, Ayubu 42:7, Mungu aliwakasirikia wao waliokuwa na maelezo mazuri mazuri, akasema Ayubu ndiye aliyenena sawasawa. Ayubu aliyelia na kulalamika! Zaburi ya 88 nayo inaanza gizani na inaishia gizani, na bado ni maombi. Mtu anayemlilia Mungu bado anaongea na Mungu.

4. Chakula kilitangulia mahubiri

Turudi kwa Ruthu, sura ya 2. Baada ya Naomi kusema maneno yale machungu, Ruthu alifanya nini? Aliomba ruhusa aende shambani kuokota masazo. Alishinda juani. Mchana alipewa bisi, akala akashiba, akabakiza (mstari wa 14). Kile alichobakiza alikibeba jioni akampelekea mama mkwe wake (mstari wa 18). Soma tena hapo. Alikuwa na njaa, amechoka, lakini alipokuwa akila alimkumbuka mtu aliye nyumbani gizani.

Na ni baada ya chakula hicho, mstari wa 19 na wa 20, ndipo kinywa cha Naomi kinatoa baraka kwa mara ya kwanza tangu afike. Yule aliyetaka aitwe Uchungu anamshukuru Bwana. Uchungu ule haukuondolewa na hoja ya mtu yeyote. Mtu alikwenda, akatafuta, akaleta, na wakaketi pamoja.

Eliya naye vivyo hivyo. Katika 1 Wafalme 19, nabii aliyeita moto kutoka mbinguni yuko chini ya mti jangwani, anamwomba Mungu amwondolee uhai. Huyo ni mtu wa nguvu za Mungu! Asikudanganye mtu kwamba aliyejazwa Roho hawezi kufika hapo. Mungu alimtumia malaika, na malaika hakuja na somo la imani. Alikuja na mkate na maji. Eliya akala, akalala tena. Akaamshwa, akala mara ya pili. Mazungumzo marefu na Mungu yalikuja baadaye, mlimani Horebu.

Kwa hiyo jioni ile mimi na mke wangu tulibeba chapati na sufuria ya ndengu, tukashuka kwa mzee. Kadi ilikuwa imesema tusibishe hodi. Tulibisha. Mara ya tatu akafungua.

"Mmesoma kadi," akasema.

"Tumesoma, mzee wetu. Ndiyo maana tumekuja."

Nyumba ilikuwa safi, jiko limepoa. Mezani kulikuwa na pakiti ya maziwa na nusu ya mkate. Mke wangu akatafuta sahani bila kuuliza sana. Tulikula kwanza. Alipomaliza chapati ya pili ndipo akaongea.

"Mama ndiye alikuwa akiandika hizi kadi," akasema. "Kila mwaka. Alinunua pakiti ya kumi, mwaka jana akatumia nne. Nimezipata sita kwenye droo. Nimekaa na kalamu siku mbili. Furaha sina. Nikasema uongo siandiki."

Nilimuuliza moja kwa moja, "Mzee, na ule ufunguo? Unafikiria kujiua?"

Akanyamaza kidogo. "Kujiua, hapana. Lakini kuamka asubuhi sioni kazi yake. Hata dawa za presha niliacha. Yeye ndiye alikuwa akinikumbusha."

Wapendwa, mnaona? Ndani ya kadi ile kulikuwa na mtu aliyeacha dawa za presha kwa miezi. Mtu huyo angeweza kuanguka usiku mmoja kwenye ploti isiyo na watu, na sisi tungekuwa mashambani tunakula mbuzi. Kama karatasi ile ingechomwa, tungelala tukiwa na ushindi, na yeye angebaki na kiharusi.

Tuliomba kwa ufupi, tukamwomba ruhusa tumpigie binti yake simu. Siku iliyofuata kijana wa nyumba ya jirani alimsindikiza kliniki. Sitaki kuwapa ushuhuda wa kupaka rangi. Mzee hajaanza kuja kanisani, na bado kuna siku hataki kuongea. Lakini dawa anameza, na jioni akisikia hatua zetu kwenye ngazi anafungua mlango kabla hatujabisha.

5. Krismasi ya Biblia ina kilio ndani yake

Mtu anaweza kusema, "Lakini Krismasi ni wakati wa furaha, kwa nini mnatuletea mambo ya huzuni?" Nitamjibu kwa Mathayo sura ya 2. Mamajusi wameleta zawadi, wameondoka. Kisha usiku Yusufu anaamshwa akimbie na mtoto na mama yake mpaka Misri. Herode anatuma watu kuua watoto wa kiume wa Bethlehemu wa miaka miwili kwenda chini. Na Mathayo anataja kilio cha Raheli, mama anayewalilia wanawe na hataki kufarijiwa.

Jambo hilo liko ndani ya habari ya kuzaliwa kwa Yesu. Kwenye michezo ya watoto huwa tunaliruka, na ni sawa kwa watoto wadogo, lakini Mungu hakuliruka. Hata Simeoni, akiwa amembeba mtoto na moyo umejaa sifa, alimwambia Mariamu kwamba upanga utaipenya nafsi yake (Luka 2:35). Fikiria mama mchanga akipokea salamu hiyo hekaluni! Na Simeoni alikuwa amejaa Roho Mtakatifu.

Na Raheli, mbona tunaambiwa hataki kufarijiwa? Kwa sababu kuna maumivu ambayo maneno mepesi yanayatukana. Ukisoma Yeremia 31, mahali Mathayo alipoyatoa maneno hayo, utaona Mungu mwenyewe ndiye anayemjibu Raheli kwa ahadi katika mistari ya 16 na 17. Lakini kwanza alimsikia akilia. Tumaini letu linasimama juu ya Mungu anayesikia kilio mpaka mwisho ndipo anajibu. Ndiyo maana alikuja kukaa kati yetu. Mtu aliyekaa mbali angeweza kutuma salamu tu.

Tena, yule Naomi mchungu alikuja kupakata mtoto kifuani mwake, Obedi, babu ya Daudi (Ruthu 4:16–17). Ukifungua Mathayo 1:5 utamkuta Obedi katika ukoo wa Yesu. Nyumba iliyoleta salamu ya uchungu langoni Bethlehemu ndiyo nyumba ambayo Mwokozi alipitia. Kwa hiyo usiharakishe kumfungia mlango mtu anayeongea kama Naomi. Hujui Mungu anapitia wapi.

6. Mambo ya kufanya juma hili

Kwanza, hesabu milango. Katika ploti yako, mtaa wako au boma lako, nani amefiwa mwaka huu? Nani amepoteza kazi? Nani hasafiri Krismasi hii? Andika majina kwenye karatasi, uyaweke ndani ya Biblia.

Pili, nenda na kitu mkononi. Si lazima kiwe kikubwa. Unga, sukari, sahani ya pilau. Usimwambie, "Ukihitaji kitu niambie." Mtu mwenye huzuni hawezi kuja kukuambia. Kama ni mzee au mjane, nenda na mwenzako.

Tatu, mtaje marehemu kwa jina. Wengi tunaogopa kutaja tukidhani tutamuumiza. Yeye anamkumbuka kila siku, na anafurahi kusikia kwamba si yeye peke yake.

Nne, ukisikia maneno ya kuaga, uliza wazi. Kumuuliza mtu kama anafikiria kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Kunampa nafasi ya kulisema. Akikujibu ndiyo, usimwache peke yake, ondoa dawa na sumu karibu naye, ita jamaa na mchungaji, na mpelekeni hospitali. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina nambari ya simu isiyotozwa pesa, 1199. Maombi na daktari hawagombani.

Tano, rudi. Juma la kwanza baada ya mazishi kila mtu huja. Wewe enda mwezi wa nane. Enda tarehe 27 Desemba, wakati sherehe imeisha.

Na kama wewe ndiye unayesoma haya ukiwa na moyo mzito, sikiza. Huhitaji kuigiza furaha ndipo uruhusiwe kuingia kanisani. Tuandikie kadi yako vile ilivyo. Tutabisha.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Kwa nini unafikiri Ruthu hakumjibu Naomi aliposema amerudi mtupu?
2. Kuna tofauti gani kati ya kukemea roho ya mauti na kumnyamazisha mtu aliyefiwa? Toeni mifano bila kutaja majina ya watu.
3. Soma Mithali 25:20. Ni nyimbo au maneno gani tunayowaimbia wenye huzuni kwa wakati usiofaa?
4. Kikundi chetu kitatembelea mlango gani kabla ya Jumapili? Kubalianeni siku, saa, na nani atabeba nini.

Maombi

Baba, asante kwa kuwa Mwanao hakuogopa kuzaliwa mahali penye kilio. Tufungue masikio tusikie majirani wetu wanaposema kwa sauti ya chini. Tupe subira ya kuketi nao, mikono ya kuwapelekea chakula, na miguu ya kurudi tena. Wale ambao Krismasi hii kiti kimoja mezani kwao kiko wazi, ukae nao, na ututume sisi pia. Katika jina la Yesu, Amina.